Geuza Samaki, Geuza na Kibali

Nyinyi mtakaovaa koti jeupe mwaka huu na kutumwa sokoni kukagua wauza samaki, sogeeni. Na nyinyi mnaongoja kibali cha kuuzia, mliokwisha kupiga picha za paspoti na mnaona ofisi inawazungusha tu, sogeeni pia, maana haya yanawahusu zaidi. Kazi ya kukagua samaki na kuandika vibali hapa mwambao wa Rumonge niliianza ndevu zangu zikiwa nyeusi, nikaiacha zikiwa nyeupe zote. Nimestaafu salama, nalala vizuri, nakula samaki wangu wa mukeke bila kumchunguza mashavu. Hapo mwisho nimedanganya. Namchunguza bado, na mke wangu amechoka kunipigia kelele mezani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salvator, mkuu wa wakaguzi wa wakati huo, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuwahi kuipandisha. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya meza ya mukeke akaniambia nitazame. Nikatazama. Samaki walikuwa wamepangwa wakapangika, wanang'aa, macho yametuna. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba wote ni wazima. Salvator akaingiza kidole chini ya mmoja akamgeuza. Tumbo la upande wa chini lilikuwa limelegea na limeanza kupasuka. Akamgeuza wa pili, wa tatu, yale yale.

"Muuzaji anakuonyesha ubavu yeye anaupenda," akasema. "Ule mwingine utautafuta weye mwenyewe."

Basi hilo ndilo somo la kwanza, na kama mna haraka mnaweza kuondoka nalo. Geuza samaki. Ndagala, yaani dagaa, hawageuziki, ni wadogo mno, kwa hiyo chota kiganja kimoja, tia kwenye kikombe cha maji, subiri kidogo. Ukiona mchanga umetuama chini, ndagala hao walianikwa ufukweni na si juu ya kichanja cha waya, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake. Ndagala mzuri ana rangi ya fedha. Akiwa mwekundu amenyeshewa au amezeeka. Na mashavu mekundu ya sangala yasikulaghai. Tembea na kitambaa cheupe mfukoni. Niliwahi kufuta mashavu ya sangala mmoja na wekundu wote ukahamia kwenye kitambaa, kumbe ilikuwa damu ya samaki mwingine. Muuzaji alinitazama akasema, "Eh, shefu, leo samaki anajifuta lipstiki." Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika, lakini sangala wake niliwaondoa.

Masharti ya kibali mnayajua: kitambulisho, karatasi ya daktari, meza ya vigae au ya bati lisilo na kutu, maji safi yenye mfuniko, na tabliye nyeupe ya kujifunga mbele. Hiyo tabliye ilinipa mambo. Kule Gitaza nilimkuta baba mmoja nyuma ya meza yake amevaa kanzu ya kwaya, ina msalaba mwekundu kifuani na magamba ya samaki mpaka magotini. Nikamuuliza hii ni nini. Akajibu, "Shefu, sheria inasema nyeupe. Haikusema ya wapi." Nilisoma sheria mara mbili nikakuta ana haki, nikampitisha. Jumatatu yake mwalimu wa kwaya alikuja ofisini kwetu kuuliza habari za kanzu, na nadhani aliifuata kwa pua.

Sasa nikifika hapa watu huniambia, Mzee Nestori, wewe ulikuwa mkaguzi mwema. Nilikuwa mwema baadaye. Mwanzoni nilikuwa na maringo, na maringo yangu yalikuwa ya Kiswahili.

Shule nilisoma Tanzania, tulikokimbilia nikiwa mtoto mdogo. Tuliporudi nyumbani, Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kuliko Kirundi changu, na wenzangu walinitania kwamba nasalimia watu kama redio. Lakini ofisini hicho Kiswahili kikawa mali. Sheria za kuuza samaki zilikuja kwa Kifaransa, na wauzaji wetu wengi, hasa wale waliorudi kutoka Tanzania na wale waliovuka kutoka Kongo, walisoma Kiswahili. Nikaambiwa nizitafsiri, niziandike kwenye ubao, ubao utundikwe penye lango la soko.

Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati la zamani. Niliuandika kwa rangi ya bluu, kwa herufi kubwa, maana mwandiko wangu nilikuwa naupenda. Juu ilikaa vizuri, katikati ikakaa vizuri. Nilipofika kwenye kifungu cha mwenye kibali nikaona ubao unakwisha. Nikaandika: KIBALI NI CHA MTU MMOJA NA MEZA MOJA. HAKIAZIMWI. Kwenye Kifaransa kulikuwa na sentensi moja zaidi, lakini mahali hapakuwapo tena. Nikaweka nukta kubwa, nikajiambia nitaiongeza nikipata ubao mwingine.

Sikuiongeza. Miaka ikapita, nikasahau hata kwamba niliikata. Ubao wangu ukawa ndiyo sheria yenyewe, hata kwangu mimi niliyeuandika.

Lazima niwaeleze desturi moja ya soko letu, kwa wale mliokulia mbali na ziwa. Mwanamke akijifungua, au akifiwa, meza yake haiachwi tupu. Jirani anaikalia. Anauza samaki wa mwenzake, mapato ni ya mwenye meza, na yeye anayekalia anapata samaki wa kupika jioni. Siku zikiisha anainuka, mwenyewe anarudi, hakuna barua wala shahidi. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko vibali. Lakini tangu ubao wangu utundikwe, wanawake walikuwa wakiifanya kwa kujificha. Kila wakiona koti jeupe linatokea langoni, aliyekalia meza ya mwenzake alikuwa anaruka upande wa mbele na kujifanya mnunuzi. Mimi nilikuwa nashangaa tu jinsi soko letu lilivyo na wateja wanaochagua samaki muda mrefu bila kununua.

Ijumaa moja mwanamke mmoja hakuwahi kuruka. Aliitwa Furaha, mtu wa Uvira, aliyevuka na mtoto mgongoni na hakuwa na meza yake. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni la mukeke. Kibali kilichoning'inia kwenye msumari kilikuwa na picha ya Konsolata, ambaye leo nyinyi nyote mnamwita Mama Divine.

"Mwenye meza iko wapi?" nikauliza.

"Shefu, iko ku materinite. Alizala jana."

"Na wewe ni nani wake?"

"Miye ni jirani. Niko namuchungia meza tu. Akirudi namurudishia."

"Ubao umeusoma?"

"Ule ubao, shefu, batu bote banaujua," akasema, na akashusha macho.

Nikakitoa kibali kwenye msumari, nikakitia mfukoni. Samaki wake nilikuwa nimekwisha kuwageuza mmoja mmoja, na wote walikuwa wazuri. Hilo halikunisumbua. Sheria ya wakati huo ilikuwa wazi: meza isiyo na kibali inapewa anayefuata kwenye orodha, na kamati ya soko ilikuwa inakaa Jumatatu. Orodha ilikuwa ndefu. Mtu wa kwanza kwenye orodha hiyo alikuja papo hapo kupima meza ya Konsolata kwa kamba, ili anunue bati la kutosha. Na Konsolata hakuwa na kitu kingine. Mumewe alikuwa kibarua wa mawese kule Minago, kazi ya leo ipo kesho haipo. Meza ile ndiyo iliyokuwa inapika nyumbani kwao. Niliyajua yote hayo, nikaenda zangu kula chakula cha mchana kwa hamu.

Jumamosi asubuhi Furaha alikuja kwangu. Alikataa kukaa.

"Shefu, Konsolata anasema Jumatatu anakuja mwenyewe ku biro. Na mutoto."

Kwetu mwanamke aliyejifungua hatoki nje na kichanga kabla siku hazijatimia. Anakaa ndani, watu wanamletea chakula na kuni, mpaka siku mtoto anapotolewa nje kwa shangwe, watu wakala, wakamwona. Kumtoa siku ya nne, kumbeba juani mpaka ofisini apangwe foleni na watu wanaolipia patante, kodi ya biashara, ni jambo la aibu kwa kila aliyelisababisha. Mke wangu alikuwa mlangoni na alisikia.

"Nestori," akaniambia, "utamtoa muzazi ndani kwa sababu ya mulango wa kabati?"

Nikachukua kibali nikaenda kwa Salvator. Nilimkuta shambani kwake, analima mihogo. Nilimweleza yote nikitumaini atasema nilifanya vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha kiganja.

"Lete iyo karatasi."

Nikampa. Akaitazama picha ya Konsolata, akatazama muhuri, akatazama saini yangu. Kisha akaigeuza.

Upande wa nyuma kulikuwa na maandishi madogo ya Kifaransa na mstari wa nukta, na juu ya mstari hapakuwa na kitu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Ilikuwa inasema kwamba mwenye kibali anaweza kuandikisha msaidizi mmoja, mwenye karatasi ya daktari, wa kukaa mezani pake akiwa mgonjwa, amejifungua au amefiwa. Nikauona ule mlango wa kabati mbele ya macho yangu, na ile nukta kubwa ya bluu niliyoiweka mahali pa sentensi hii.

"Tumbo ya samaki unageuza," Salvator akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Tumbo ya karatasi, hapana?"

"Nilisahau, mzee."

"Vibali ngapi umeandika weye?"

"Sijui. Vingi."

"Na vyote mugongo yake iko mutupu?"

"Vyote."

Akakaa juu ya mpini wa jembe akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikaisha, akanitazama vizuri. "Basi, mwana wangu, nenda uombe musamaha. Umuombe yeye akiwa bado ndani. Usingoje akufuate."

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, Furaha akiwa mbele. Mwanamume haingii kwa mzazi, kwa hiyo nilisimama mlangoni, pazia katikati yetu. Nikasema amahoro, nikaitikiwa. Nikasoma ile sentensi kwa Kiswahili, polepole, mpaka mwisho. Kisha nikasema kwamba ilikuwako tangu mwanzo, kwamba mimi ndiye niliyeikata, na sababu ni kwamba niliandika herufi kubwa mno ubao ukaisha.

Nikasikia mtoto anapiga chafya.

"Shefu," Konsolata akasema, "iyo sentensi ilikuwako siku zote?"

"Siku zote."

"Mama yangu alipokufa, nilimuzika leo, kesho yake niko sokoni nauza mukeke. Niliogopa kuita mutu anikalie. Sababu ya ubao yako." Hakuwa anapiga kelele. "Batu walikuwa wananunua samaki, wananipa pole na feza pamoja. Sikulia mama yangu vizuri."

Vijana wangu, nimetukanwa sokoni kwa lugha nne. Nimewahi kumwagiwa maji ya samaki. Hakuna kilichonichoma kama maneno yale kutoka nyuma ya pazia. Nilisimama pale nalia, mtu mzima, na Furaha akageuka akatazama migomba ili asinione.

Baadaye kidogo mkono ukatoka pembeni ya pazia, kiganja juu.

"Karatasi yangu," Konsolata akasema. Nikaiweka. Akaitazama nyuma na mbele, nadhani, halafu ikarudi. "Sasa andika. Andika Furaha."

Kumwandika hivi hivi nisingeweza, kwa sababu karatasi ya daktari ilitakiwa, na mimi nilikuwa nimetosheka kukata sentensi za sheria. Jumatatu alfajiri nilimpakia Furaha kwenye baiskeli yangu mpaka kituo cha afya, nikawa wa kwanza kwenye foleni nikiwa na koti langu jeupe, watu wakidhani nimekuja kukagua. Kabla kamati haijakaa jina lake lilikuwa nyuma ya kibali, na muhuri juu yake. Aliyepima meza kwa kamba aliondoka amenuna. Miezi michache baadaye alipata meza yake upande wa ndagala, na sasa tunasalimiana vizuri tu. Siku za Konsolata zilipotimia mtoto alitolewa nje, akaitwa Divine, na mke wangu na mimi tulialikwa. Nilipeleka mkungu wa ndizi na nikakaa mbali kidogo na wanawake, kwa tahadhari.

Ubao mpya niliununua mwenyewe. Nilinunua mbili, kusema kweli, na niliandika kwa herufi ndogo kama za Biblia ya mfukoni, mpaka wazee wakalalamika hawaoni. Wanawake wakaanza kuja ofisini na vibali vyao kuandikisha wasaidizi. Kila mmoja alikiweka juu ya meza yangu upande wa nyuma ukiwa juu, akanitazama. Nilivumilia. Nilistahili.

Siku hizi mambo ni mepesi. Vibali vimetiwa plastiki, mkaguzi anapiga picha kwa simu, barafu ipo, na vichanja vya waya viko mpaka Nyanza-Lac. Msiponichoka nitawaambia jambo moja tu kuhusu sheria. Ikifika mikononi mwako kwa lugha moja na wewe unaipeleka kwa watu kwa lugha nyingine, wao hawana njia ya kujua ulichokiacha. Watakuamini wewe. Kwa hiyo isome tena kila mwaka ile ya asili, hata kama unaijua kwa moyo, hasa kama unaijua kwa moyo. Na ukimkuta mtu asiyefanana na picha, muulize, halafu msubiri ajibu. Kuuliza si ujinga.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya wiki hii. Yule Divine amejifungua kule Nyanza-Lac, na mama yake amekwenda kumuuguza mpaka siku zitimie. Furaha hawezi kuikalia meza ya Mama Divine, kwa kuwa ana meza yake mwenyewe, ile ya jirani, tangu miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Mama Divine alikuja nyumbani, akamsalimu mke wangu, akaniambia, "Shefu, weye uko unakaa bure. Nenda ku daktari." Nikaenda kwa daktari. Nikapata karatasi. Asubuhi tano sasa niko sokoni na tabliye nyeupe, nauza mukeke, naye Furaha ananifundisha kuwapanga kwa sababu anasema nawalaza kama niko nawazika.

Jana alitokea mkaguzi mpya, binti mmoja mwembamba, koti lake bado lina mikunjo ya dukani. Nilimwona tangu langoni. Miguu yangu, nawaambia ukweli, ilitaka kuruka upande wa mbele nijifanye mnunuzi.

Alitazama picha ya Mama Divine kwenye msumari. Akanitazama mimi na ndevu zangu.

"Mzee, mwenye meza iko wapi?"

Nikafungua mdomo nijibu, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kukishika kibali. Akakigeuza. Akasoma jina langu, kidole kikifuata herufi, akasoma na muhuri.

"Murakoze, muzee," akashukuru, akakirudisha.

Kisha akaingiza kidole chini ya mukeke wangu wa kwanza, akamgeuza. Mzuri. Wa pili, mzuri. Wa tatu tumbo lilikuwa limelegea, na mimi nilikuwa nimelijua hilo tangu asubuhi, na ubavu wake mzuri niliuweka juu kwa mikono yangu mwenyewe.

"Huyu umutoe."

Furaha alicheka mpaka akashika meza. Nikamtoa yule samaki. Nikajifuta mikono, nikakinyoosha kibali kwenye msumari, uso wa Mama Divine ukiwatazama wateja na jina langu nyuma yake.